Bima ya Mahindi Imeangusha Mikorosho ya Baba

Admin nifichie jina, na la mdogo wangu lifiche vilevile. Mnaonisoma, marahaba, najua wengi wenu ni wajukuu zangu. Mimi mtu mzima, sabini imeshapita, mjane, nakaa Mbwawa hapa Kibaha. Shule sikwenda, baba alisema wa kike ataolewa. Anayeniandikia ni binti mpangaji wangu, mimi nasema yeye anabonyeza. Andika hivyo hivyo mwanangu, usinitengeneze.

Nina mjukuu wa kiume, tunaitana mke na mume, utani wetu. Kasoma hesabu mpaka chuo kikuu, zile za herufi tupu. Siku moja nikamuuliza, "Mume wangu, hesabu gani hizi hazina namba?" Akacheka, "Namba zinakuja mwishoni mke wangu, na zikija zinakuja na hela." Sasa yuko Dar, kampuni ya bima. Wanawauzia wakulima bima ya ukame. Haji mtu shambani kukagua. Kuna mtambo huko angani unapiga picha, mashamba yakikauka hesabu yao inajua yenyewe, mnalipwa wote.

Basi na goti langu hili bovu nikaenda Kisarawe kwa mdogo wangu, tumbo moja, ndiye aliyebaki kwenye shamba la baba. Nikamwambia yeye na wenzake wa kikundi, "Kateni bima, hesabu anapiga mume wangu, hawezi kutudhulumu." Wakakata. Mdogo wangu aliuza mbuzi wake.

Masika mvua haikuja. Mahindi yakafia kiunoni, hata ya kuchoma hatukupata, na mahindi ya kule matamu, ya huku Mbwawa hayaoni ndani. Tukangoja malipo, kimya. Nikampigia mjukuu.

"Bibi," siku hiyo hakuniita mke wangu, "hesabu inasema kule hakuna ukame. Picha imetoka kijani."

"Kijani kipi, na watu wanaombana mihogo?"

"Mikorosho, bibi. Mahindi mmepanda katikati ya mikorosho, na mikorosho haikauki. Mtambo unaona majani tu, haujui haya ya nini na haya ya nini."

Mdogo wangu alishaninunia, anasema nimekula na kampuni. Nikampigia nijisafishe: siyo mjukuu wetu, ni mikorosho. Akasema, "Kumbe. Haya dada, ahsante." Nikafurahi, nikajua yameisha.

Nimekwenda kumsalimia nakuta visiki. Mikorosho ya baba, iliyotulea sisi ikalea na wanawe, kaiangusha yote, kuni zimefika dirishani. Na ananichekea! "Mwakani watatuona, dada. Hesabu yao itakuta peupe." Chai yake sikuimaliza.

Nikamweleza mjukuu, akalia kwenye simu, na ndevu zake zile. "Bibi, nukta moja ya ile picha inabeba shamba lake, mashamba ya jirani zake wote, na ule msitu wa bondeni. Hata wakate mikorosho kijiji kizima, msitu utabaki kijani. Hesabu haitaona kitu."

"Si muibadilishe?"

"Nimesema kazini. Wakubwa wamenijibu kwamba kwa jumla hesabu inatoka sawa."

Kwa jumla! Mdogo wangu anaishi wapi huko kwenye jumla?

Sasa wenzake wameona alivyofanya. Jumamosi wanakodi mtu wa msumeno, wanaanza kwa jirani yake, mama ana mikorosho ndiyo imezaa mwaka wa kwanza. Nikisema ukweli, mdogo wangu atajua miti ya baba kaiangusha bure, na mdomo uliomponza ni wangu. Ana presha. Juzi kanipigia ananiuliza, bima ikilipa mwakani aanze na paa au choo. Nikamjibu paa. Nikinyamaza, kikundi kizima kitabaki na visiki kama yeye, na njaa juu.

Leo Alhamisi. Simu naishika, naiweka. Wanangu nishaurini, mtu anamwambiaje mdogo wake neno kama hili? Naanzia wapi?