Mlango Uliobana Mno

Kaka yangu wanamwita Mpira, ingawa hajawahi kucheza mpira hata siku moja. Kazi yake ni kufunga mipira ya milango ya kioo bafuni, ile mikanda laini inayokaa ukingoni mwa kioo ili maji ya kuoga yasitoke nje. Mimi humshikia kioo na kumkatia mipira. Wateja anaongea nao yeye, maana mbele ya wageni ulimi wangu hugoma.

Ana namna yake ya kupima kazi. Akimaliza hufunga mlango, hufungulia maji kwa nguvu, kisha hupitisha kiganja chini ya kioo kwa nje. Kiganja kikibaki kikavu, hugonga kioo na kusema, "Umebana." Kubana ndiko kulikompa jina mjini.

Mama mkwe wake alihamia kwake baada ya kufiwa na mumewe. Haukupita muda, akateleza kwenye maji nje ya mlango wa kuogea, akachubuka kiwiko. Binti yake mkubwa, anayeishi mbali, akapiga simu kwa ukali: sakafu ikiendelea kulowa, anakuja kumchukua. Mama hakutaka kwenda.

"Kule wote wanashinda kazini," alisema. "Nitaongea na friji?"

Jambo hilo lilimkaa kaka rohoni. Fundi wa milango, na kwake kunavuja! Akang'oa mpira, akaweka mnene zaidi. Akapima, kiganja kikavu. Mama akaenda kuoga, sakafu ikalowa. Akajaza silikoni kwenye fremu, akaongeza mkanda chini ya mlango. Kikavu tena. Mama akaoga, sakafu chepechepe.

"Hebu muulize mama yako," kaka alimnong'oneza mkewe, "huko ndani anafanya nini?"

"Muulize wewe. Fundi si wewe?"

"Nimuulize mkwe wangu anavyooga? Una wazimu?"

Binti mkubwa akatuma ujumbe kwamba Jumamosi yuko njiani.

Asubuhi ya Ijumaa shemeji alikuwa akipita ukumbini, mama yake akiwa bafuni. Akasikia maji yanalia wazi mno.

"Mama, umefunga mlango wa kioo?"

"Mwanangu, ule mlango si wa kufungwa na mtu wa rika langu."

"Kivipi?"

"Siku ya kwanza niliufunga, nikashindwa kutoka. Nikasukuma, nikasukuma. Nimwite mkwe wangu aniokoe nikiwa hivi nilivyo?"

"Sasa ulitokaje?"

"Niliupiga teke. Tangu hapo nauacha wazi."

Shemeji alikuja kutusimulia uani huku anajifuta machozi ya kicheko. Kaka hakucheka. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, akaviangalia viganja vyake. Ni vipana, vigumu kama soli. Kila mlango alioufunga maisha yake yote alikuwa ameufungua kwa mikono hiyo.

Tuling'oa kila kitu. Aliweka mpira mwembamba wenye mdomo laini, mdomo ukitazama ndani ili maji yarudi yalikotoka. Akalegeza bawaba. Chini akagandisha kizingiti kidogo cha kuzuia maji. Halafu, bila kumtazama usoni, akamwita mama mkwe aje kuujaribu.

"Nikiwa nimevaa, au?"

"Mama, jamani!" shemeji akapiga kelele.

Mama akausukuma kwa kidole, ukafunguka. Akausukuma tena. "Sasa huu ni mlango. Ule ulikuwa jela."

Kaka akafungulia maji na kupitisha kiganja. Kilitoka na matone mawili matatu upande wa bawaba. Nilimwona anakunja uso.

"Yanapita," nikamwambia.

"Yapite." Akaomba taulo kuukuu, akalikunja, akaliweka pale.

Binti mkubwa alifika Jumamosi na sanduku tupu. Mama akamsalimia, akaingia kuoga, na sote tukasikia mlango wa kioo ukijifunga taratibu. Alipotoka, binti aliingia, akaburuza unyayo sakafuni pembe hadi pembe. Akainama kushika taulo. Lilikuwa na unyevu kidogo tu.

"Haya," alisema. "Lakini nitakuwa napiga simu."

"Piga," mama alimjibu. "Ila usipige nikiwa bafuni. Sasa nikiingia sina haraka ya kutoka."