Gunia la Nzilani

Nzilani hushona midomo ya magunia sokoni Njukini, na ulimi wake una makali kuliko sindano yake. Kwa miaka mingi alitaka kitu kimoja tu: kuezeka kibanda chake cha kazi kwa mabati, maana mvua ikinyesha hana pa kushonea. Lakini kila akipeleka maharagwe yake Voi, ushuru wa njiani humpunguza.

"Bati langu limebaki kwa kizuizi tena," huniambia akirudi.

Mimi ni jirani yake, na simlaumu. Mtu alime, apalilie, akeshe akipiga debe kufukuza ndovu, halafu aliyeketi kivulini anyooshe mkono? Inauma.

Sheria ilisema ushuru hutozwa kwa kila gunia. Haikusema gunia liwe kubwa kiasi gani. Nzilani akacheka peke yake, akaanza kupasua magunia na kuyaunganisha, hata akapata gunia moja lenye urefu wa lori. Tukalitandaza ndani ya lori na karibu soko zima likaja na ndoo: maharagwe yangu mekundu, ya mkulima mwenzetu Omolo ya manjano, ya Nzilani ya madoadoa. Akalishona mdomo.

Kizuizini Hillary, kijana wa ushuru, alilizunguka lori akitafuta gunia la pili.

"Mama, hii ni gunia kweli?"

"Iko na mdomo ngapi?"

"Moja."

"Basi andika moja."

Akaandika. Tuliimba mpaka Mwatate.

Voi, wachukuzi walilitazama gunia letu wakaketi chini. Ikabidi lifunguliwe palepale juu ya lori, na ndipo tulipoona tulichofanya. Maharagwe yote yalikuwa yamechanganyika, na mnunuzi hakuyataka hivyo. Omolo akadai nusu ni yake. Mimi pia sikunyamaza.

"Mtu mmoja achambue na agawe," Omolo akasema mwishowe. "Nzilani, gunia ni yako."

"Sawa. Lakini kila ndoo, mtaniachia kopo moja la gorogoro kwa kazi yangu."

"Na nikikataa?"

Nzilani alikuwa ameketi mdomoni mwa gunia, sindano mkononi. "Basi yako itabaki ndani."

Omolo akanitazama. Ushuru wa Hillary ulikuwa nafuu kuliko huo. Tukatoa, sote.

Zile gorogoro ndizo zilizonunua mabati. Kibanda kinang'aa sasa, na nilimfurahia kwa dhati. Shida ni mvua. Ikianza tu, sisi tulioacha gorogoro hukimbilia humo mpaka mwenyewe anakosa nafasi. Juzi alijaribu kututoa.

Omolo akainua kidole juu. "Hiyo bati hapo ni yangu."

Mimi nikaonyesha langu. Nzilani alibaki mlangoni na sindano yake, mgongo ukilowa.