Vidole vya Mkate na Mafiga Matatu

Watu husema mwanaume akioa amepata jiko. Mume wangu alilipata lake, ila mimi mwenyewe nilikaa miezi saba bila jiko la kupikia. Nilikuwa mke wa mtu, nina cheti cha ndoa cha kanisani na kanga mpya kwenye sanduku, lakini kila asubuhi nilivuka uwanja kwenda kupika kwenye moto wa mama mkwe wangu, naye ameketi kwenye kigoda mlangoni ananitazama mikono.

Ndivyo mji ule ulivyoendeshwa. Wakwe zangu walikuwa Wasukuma waliohamia Kakese na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na mama mkwe, aliyekuwa mjane, ndiye aliyekuwa kichwa cha mji. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: mke mgeni anapika kwake mpaka yeye mwenyewe aridhike. Siku akiridhika, anayabeba mafiga matatu na kumpelekea nyumbani kwake. Hapo unakuwa na moto wako, unaamua mwenyewe unapika nini na saa ngapi. Kabla ya hapo wewe ni mgeni mwenye kazi nyingi. Mke wa shemeji yangu mkubwa alipewa mafiga yake mwezi wa pili, na jambo hilo nilikumbushwa kila juma.

Aliyenikumbusha zaidi ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa nyumba ya nne kutoka kwetu na kushinda kwetu kutwa nzima. Mimi nimezaliwa Majimoto, kwenye mashamba ya mpunga, binti wa Wapimbwe. Nilijua kupika wali ukasimama punje kwa punje. Wifi aliuonja siku ya kwanza akasema, "Nyie watu wa mpunga mnakula kama ndege." Basi nikajifunza vyao. Nilipika ugali mgumu mpaka mabega yakaniuma. Nilichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, nikachanganya na karanga. Nilipika makande, nikachoma nyama. Mume wangu alikula akalamba vidole. Mama mkwe alikata tonge mbili, akasukuma sahani pembeni, akasema ameshiba, akaomba maziwa.

Kila siku tonge mbili. Mwezi wa tano wifi alinisema kisimani, mbele ya wanawake kumi na zaidi, kwamba mama yake anakonda kwa sababu chakula cha mkwe hakiliki. Nilitua ndoo yangu chini. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na siku ile nilibaki na maneno yangu mdomoni kwa sababu tu sikuwa na mafiga. Nilirudi nyumbani nikalia nikiwa nachambua mboga, na machozi yale yalikuwa ya hasira, si ya huzuni.

Kisha vitunguu saumu vyangu vikaanza kupotea. Nilivinunua sokoni Mpanda kwa ajili ya kifua, maana Julai kwetu asubuhi ina baridi inayokamata kweli, na nilivitundika kwenye mfuko jikoni kwa mama mkwe. Kwenye mji ule kitunguu saumu kilikuwa dawa. Hakuna aliyekitia kwenye chakula. Lakini kila nikihesabu punje, zimepungua. Nikamweka wifi kwenye kesi moyoni, nikamhukumu, nikaanza kumvizia.

Nilivizia mwizi nikamkuta mama mkwe. Alikuwa nyuma ya ghala la mahindi mchana, uso ameelekeza ukutani, anaponda punje ya kitunguu saumu kwa jiwe dogo. Aliifinyanga kwa vidole, akafungua mdomo, akaisindikiza mpaka ndani kabisa kwenye taya. Shavu lake lilikuwa limevimba. Alipogeuka tukatazamana.

"Hukuona kitu," alisema.

"Ndiyo, mayu," nilijibu. Kwao mama ni mayu, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza.

Akanionyesha kigogo nikae. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba magego ya upande mmoja yalikwisha siku nyingi, na upande wa pili yamebaki mawili, yote yanauma. Hawezi kutafuna. Ugali mgumu anaumeza mzima. Michembe anaitazama tu.

"Kwa nini usiwaambie wanao, mayu?"

"Wakianza kunipondea chakula," alisema, "kesho wataanza kunisemea."

Nilimwelewa. Mji mzima uliendeshwa na mdomo ule. Yeye ndiye aliyesema ng'ombe gani auzwe, nani alime wapi, kibuyu kipi kifunguliwe. Walikuwepo wanaume waliosubiri tu kusikia kwamba mama amezeeka.

Nitasema ukweli kuhusu nilivyojisikia. Nilifurahi. Mwanamke mzima ameketi mbele yangu na shavu limevimba, na mimi moyo unaruka kwa sababu chakula changu hakikuwa na kosa lolote. Karibu miezi saba ya aibu, kumbe ni meno. Kisha nikaona haya kwa furaha ile, nikaenda kumchemshia maji ya chumvi asukutue.

Usiku ule ndipo nilipomkumbuka sista mzee wa misheni. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka miwili kwenye jiko la masista, na mmoja wao, Mzungu mzee mwenye meno ya bandia, alinifundisha kupika mikate midogo mirefu, laini, iliyopakwa siagi na kitunguu saumu. Ilikuwa inalika hata kwa ufizi. Kwa miaka miwili nilidhani ile ni anasa ya Kizungu. Sasa nikaelewa kwamba bibi yule alikuwa anatafuta tu kitu anachoweza kutafuna, sawa na mama mkwe wangu kule nyuma ya ghala.

Nilimtuma mume wangu Mpanda kwa baiskeli akalete unga wa ngano na hamira. Asali tulikuwa nayo, ya Inyonga, nyeusi na nzito. Niliikoroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu na kijiko cha asali, ikatoa povu zuri. Nikachanganya na unga, chumvi na maziwa, nikakanda mpaka donge likaacha kung'ang'ania vidole. Kilichobaki ni kuliacha liumuke, na hapo ndipo penye kosa langu.

Unga unataka joto, na asubuhi ile hapakuwa na joto popote. Kwa masista tuliliweka donge karibu na tanuri. Mimi nilitazama huku na huku nikaona sehemu moja tu yenye joto: kibanda cha ndama. Ndama sita wamelala humo usiku kucha, ukiingia unahisi joto la miili yao. Nikajiona nina akili kuliko sista. Nikafunika beseni kwa kitambaa, nikaliweka kwenye kona, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi, ndama mmoja mwekundu alikuwa anatafuna kitambaa. Donge lenyewe alishalimaliza nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa na mate mpaka pembeni. Nilimpiga kofi la mgongo, akanitazama kama asiye na kosa lolote. Wifi alipita wakati huohuo. Habari ikafika kisimani kabla ya ndoo zangu: mke wa Majimoto anawapikia ndama mikate. Mume wangu alicheka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nililala nikiwa nimeamua kwamba mkate utapikwa kwenye mji huu hata kama ng'ombe wote watakula kwanza.

Jumapili nilirudia, nikitumia unga wangu wa mwisho. Kibanda kilikuwa kilekile, maana wazo halikuwa baya, ila safari hii nilitia beseni kwenye tenga na kulining'iniza kwenye boriti, juu kabisa ya vichwa vya ndama. Ndama walinyanyua shingo, wakashindwa, wakalala. Baada ya saa moja na nusu donge lilikuwa limeumuka mara mbili, limeinua kitambaa.

Nililikata vipande, nikavisukuma kwa viganja mpaka vikawa virefu kama vidole vya mkono wa mwanaume. Nikatandaza mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaweka sinia la bati juu ya mchanga, nikavipanga bila kuvibana, nikafunika. Moto wa mkaa nikaugawa: kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Ukigeuza hesabu hiyo, chini inakuwa makaa na juu inakuwa uji.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, anatazama. Nilipofika kwenye kupaka, nikakwama. Siagi ya dukani sikuwa nayo. Palikuwa na kibuyu cha samli kimetundikwa juu ya kichwa chake, na kibuyu kile hakuna mkwe aliyewahi kukigusa. Sikuomba. Nilichukua punje zangu za kitunguu saumu, nikaziponda na chumvi mbele yake, nikabaki nimeshika kinu mkononi.

Alinyanyuka taratibu, akakitungua kibuyu, akamimina samli kwenye kinu changu. Niliipasha moto ile samli na kitunguu saumu, si kwa kukaanga, kwa kuyeyusha tu, na harufu iliyotoka ilimfanya mume wangu aache kufunga baiskeli yake.

Vidole vilitoka na rangi ya asali. Nilivipaka samli vikiwa bado vinachoma, kisha nikafanya lile ambalo sista alinisisitizia kuliko yote: nikavifunga kwenye kanga safi vyote pamoja, ule mvuke wao wenyewe uvilainishe ngozi. Mtu mwenye haraka huvila hapohapo akapata mkate mgumu. Nilisubiri, na kusubiri si tabia yangu.

Walikuwa wametoka kanisani, wamekaa uwanjani: shemeji zangu, wake zao, wifi na majirani wawili. Niliweka sinia katikati na kikombe cha maziwa mgando mbele ya mama mkwe. Wifi aliinama akanusa.

"Kitunguu saumu kwenye mkate? Kwani hapa nani mgonjwa?"

Sikumtazama mama mkwe, nikaogopa macho yangu yasije yakasema. Nikajibu, "Hakuna mgonjwa, wifi. Kwa masista ndiyo chakula cha Jumapili."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akachukua kidole kimoja, akakikunja, kikajikunja bila kuvunjika. Akakata kipande kwa midomo, akafumba mdomo, na nikaona taya likienda na kurudi bila kusita. Akamaliza. Akachukua cha pili, akachovya kwenye maziwa. Uwanja wote ukamtazama, maana kwa miezi saba hakuna aliyemwona akivuka tonge mbili. Cha tatu. Cha nne. Alipofika cha tano alipangusa midomo kwa upande wa kanga akamwambia binti yake, "Kula, usimnuse mwenzio."

Walikula wote. Wifi alikula vinne, nilivihesabu kwa makusudi. Shemeji mkubwa alipangusa sinia kwa kipande cha mwisho. Walipomaliza, wifi alipiga mbweu akaziba mdomo, akasema kwa kulalamika, "Sasa wote tunanuka saumu."

"Wote," alisema mama mkwe, akanitazama mimi peke yangu. Wiki tatu alikuwa anaongea na watu akigeuza uso pembeni ili wasimnuse. Jumapili ile aliongea na wanawe uso kwa uso mpaka jua linazama, akaamua mambo mawili ya ng'ombe, na hakuna aliyembishia.

Jumatatu asubuhi, kabla sijavuka uwanja, nilisikia kishindo mlangoni kwangu. Nikafungua. Mama mkwe alikuwa amesimama, mikono ina masizi, na figa moja limelala mbele ya kizingiti. Nikaukimbilia mkono wake nimsaidie, akaniondoa. Alirudi kwake akabeba la pili. Mume wangu alitoka, akataka kulibeba la tatu, akafukuzwa naye. Wifi alikuwa njiani na ndoo kichwani, akasimama akaona yote, na mimi niliangalia vizuri kuhakikisha ameona.

Mama mkwe aliyapanga mafiga, akayatikisa moja baada ya jingine kuona kama yamekaa. Kisha akaingia ndani, akakalia kigoda changu, akajipangusa mikono.

"Washa," alisema. "Leo mimi ndiye mgeni. Nipikie vile vidole."

Nilimwambia unga wa ngano umeisha. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akampa mume wangu, na mume wangu akaenda kuchukua baiskeli bila kuuliza.

Nilimpikia kila Jumapili, miaka mingi, hata baada ya yale magego mawili kung'olewa na nyuma ya mdomo kubaki ufizi mtupu. Alizikwa akiwa bado ndiye msemaji wa mji wake, na hakuna mtoto wake aliyewahi kumpondea chakula. Wifi yangu atajua sababu atakaposoma hapa.