Siku Nyawira Alipoulizwa Tunywe au Tusinywe

Harufu ya uji wa wimbi uliochachuka siiwezi mpaka leo. Wengine wakiisikia hutafuta kikombe. Mimi hutafuta mlango. Ilijaa jikoni kwetu Giakanja wiki nzima ile ya Julai, miaka michache baada ya uhuru, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni na nguo hazikauki. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, pombe haikuingia kwetu, kwa hiyo Mama alichachusha uji katika vibuyu viwili kando ya moto, kwa wimbi lililoletwa na watu wa Gathogo. Wazee wao walikuwa wanakuja Jumamosi kumposea Gathogo dada yangu Nyawira. Desturi yetu ni kwamba kabla kinywaji cha mwoaji hakijanywewa, binti huitwa mbele ya wazee, humimina, humpa baba yake, na baba humuuliza kila mtu akisikia: tunywe? Akisema kunyweni, basi ameolewa. Akisema msinywe, wageni hufungua mbuzi wao na kurudi nao. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, ila hapo kwetu hakuna aliyewahi kumsikia msichana akisema msinywe. Swali lilikuwa limebaki kama salamu tu, mtu analiuliza huku mkono umeshanyooka.

Gathogo mwenyewe alikuwa na duka Sagana, na lori, na sauti nzuri ya kuimba kanisani. Hakunywa, hakuvuta, hakuinua macho ovyo mbele ya wazazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moyoni nilikuwa nimeshaolewa naye kabla ya dada yangu. Aliniletea viatu vya plastiki vyekundu, akaniahidi kwamba nitakaa kwao likizo zote na kuona garimoshi. Nilikwisha kuwatambia wasichana wote darasani. Kwa hiyo jioni ile ya Jumatano, tukichuma majani ya mboga nyuma ya nyumba, Nyawira aliponiambia kwamba moyo wake unamkataa Gathogo, nilimkasirikia kwelikweli. Nilimuuliza amefanya nini. Akasema hajafanya kitu.

"Akiwapo mimi huongea kwa sauti ya chini," aliniambia. "Hajawahi kuniambia niipunguze. Inapungua yenyewe."

Niliona huo ni upuuzi mtupu. Dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akicheka huku bondeni anasikika ng'ambo ya mto, na mtu mzima kama huyo aache lori kwa sababu ya sauti? Alinisihi nisimwambie mtu, nikamuapia, na kabla mboga hazijaiva nilikuwa nimemwambia Mama. Ndiyo, mimi. Nilitaka aambiwe akome. Mama aliacha kukoroga, akasema kila msichana huogopa, hata yeye aliogopa, itapita. Lakini kuanzia hapo hakumwacha Nyawira peke yake hata dakika moja, na mimi nikaanza kuelewa kwamba nimefanya jambo baya, nisijue namna ya kulirudisha neno mdomoni.

Jumamosi walikuja wazee saba, wamevaa makoti mazito, na mbuzi wao wakafungwa kando ya zizi. Baba alikuwa na furaha mpaka akakosea. Alichinja kondoo dume asubuhi, kabla swali halijaulizwa, na wageni walipoketi moshi wa nyama ulikuwa umetanda uani. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliliona kosa hilo, akamnong'oneza kwamba nyama imetangulia neno. Baba akacheka. Nyawira akaitwa. Alitoka jikoni na kibuyu, akamimina uji katika kata bila kumwaga hata tone, akampa. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Mama.

Baba hakumwita Nyawira kwa jina hata siku moja. Dada alibeba jina la mama mzazi wa Baba, kama mzaliwa wa kwanza wa kike abebavyo kwetu, kwa hiyo alimwita Mama.

"Mama," alisema, "tunywe?"

Nyawira akainamisha uso. Wazee wakatabasamu, msichana lazima aone haya kidogo. Baba akauliza tena, na safari hii kata ilikuwa imefika kidevuni.

"Usinywe, Baba."

Msemaji wa wageni akataka kutania, ati bibi harusi anadai mbuzi zaidi, lakini hakuna aliyecheka. Baba akamuuliza kosa la kijana ni lipi. Nyawira akasema hana kosa, na hana sababu ya kuwaonyesha wazee, anajua tu kwamba hapaswi kwenda. Aliyasema hayo kwa sauti iliyofika barabarani. Baba alikaa na ile kata mkononi nikadhani atainywa tu, nani angemzuia? Kisha akaiweka chini, akawaambia wageni kwamba wamesikia wenyewe. Walifungua mbuzi wao. Nyama hawakuigusa, na sisi pia hatukuweza kuila. Ilibebwa ikagawiwa majirani, nao wakala na kutusema.

Baba hakumsemesha Nyawira hadi mavuno yaliyofuata. Na mimi kwa miaka nilitega sikio nisikie ubaya wa Gathogo, ampige mke, afilisike, chochote, ili dada yangu aonekane alikuwa na haki. Sikusikia. Alioa msichana wa Karatina, akazeeka kwa heshima. Nilipomwambia Nyawira hayo, alinijibu kwamba yeye hakusema Gathogo ni mbaya; alisema yeye haendi.

Siku hizi swali huulizwa kwa kipaza sauti na mtu wa kukodiwa, na vigelegele hupigwa kabla msichana hajafungua mdomo. Vijana huniuliza kama zamani tulikuwa na uhuru wa kukataa. Huwaambia tulikuwa nao. Mimi pia niliitwa uani pale pale, miaka tisa baadaye, na moyo wangu ulikataa waziwazi, lakini nilimwangalia Baba, nywele zimekuwa nyeupe, nikasema kunyweni. Nimekaa katika ndoa hiyo maisha yangu yote, kimya, na watoto wanne. Baba alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, nikimlisha, aliniuliza kwa nini siku ile nilijibu haraka. Alisema alikuwa amejiandaa, alikuwa ameishika kata mbali na mdomo akinisubiri niseme msinywe. Akaniuliza kama sikumwona.

Nilimwona.