Spika Nzito ya Shemeji

Mama Mziki, mkodishaji wa vyombo vya muziki wa sherehe za nyumbani, hakuamini spika inayosifiwa sana. Ya mwisho ilimzimikia watu wakicheza. Ikizima nyingine, wateja wangemkimbia.

"Ibebe uone, shemeji," mdogo wa mumewe, muuza spika, alimwambia dukani kwake, akimwonyesha spika mpya. "Uzito wote huo ni sumaku."

"Sumaku iko juu, nyuma ya koni inayotoa sauti. Mbona uzito uko chini? Lete bisibisi," Mama Mziki alisema akiiinua.

"Yaani hata mimi huniamini?"

"Wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Hujawahi kunichangamkia hivi."

Alifungua mgongo wa spika. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na tofali lililogandishwa kwa gundi. Shemeji akashika kichwa kwa mshangao, lakini Mama Mziki hakuuamini mshangao huo.

"Nitachukua ile kuukuu," alisema, akionyesha spika iliyotumika pembeni ya duka. "Lakini kwanza iwashe, ufungulie sauti mpaka mwisho, mimi nikae hapa hapa."