Barua ya Mbuzi Mmoja

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kushughulikia hati ya kiwanja. Kwenye vibanda vya kuchapa, kijana mmoja mwenye kompyuta akaniambia, "Shikamoo bibi. Nitajie jina lako tu, barua yenyewe iko tayari." Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akadhani nimeugua. Ningemwelezaje, na foleni ile nyuma yangu? Acha nikueleze wewe, maana wewe umekaa.

Nilikuwa darasa la tatu, enzi za Mwingereza, nikiishi na bibi yangu mzaa mama katika bonde moja kati ya Kisarawe na Soga. Shamba lake lilikuwa la minazi. Nikikumbuka utoto wangu, kwanza nasikia nazi ikikunwa alfajiri, halafu harufu ya kisamvu inanijia. Jioni tulisuka makuti. Bibi alisuka upesi bila kutazama, huku akinikagua mimi: "Umeruka hapo. Fumua." Hakupenda kazi ya kulipua, hata ya mtoto.

Babu alipofariki, kabla ya arobaini kufika, jirani wa ng'ambo ya bonde alikuja na wakwezi wawili. Wakaangua nazi zetu mchana kweupe. "Shamba hili ni la baba yangu," alisema. "Marehemu aliazimwa tu."

Bibi alisimama mlangoni na kaniki yake ya eda mpaka walipomaliza kupakia, kisha akaingia ndani akakaa kitandani. Usiku ule hatukupika. Mimi nilielewa jambo moja tu: shamba likienda, na mimi nitaondoka pale, sijui kwa nani.

Eda ilipokwisha, mjomba wangu, mtoto wa kiume wa bibi, akasema shauri lipelekwe barazani. Lakini malalamiko yalitakiwa yaandikwe, na bibi hakujua kusoma wala kuandika. Mjini Kisarawe walikuwako waandishi wawili. Mmoja alikuwa kijana aliyekaa na meza yake kwenye ukumbi wa duka. Kwa senti hamsini barua inakwisha hujapumzika miguu. Wa pili alikuwa mzee aliyewahi kuwa karani wa reli, na watu wote walimwita Karani tu. Huyo alitaka shilingi kumi na mbili, yaani bei ya mbuzi. Watu walimcheka, wakisema anatoza hata kusikiliza.

Mjomba akaenda kwa kijana. Alirudi siku hiyohiyo, barua mkononi, anatabasamu. Bibi akaniita niisome kwa sauti.

Nikasoma: "Kwa heshima na taadhima naleta malalamiko kuhusu shamba langu la mihogo nililoachiwa na marehemu baba yangu..."

Bibi akaacha kukuna nazi. "La nini?"

"La mihogo, bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na baba yangu kaingiaje humo?"

Mjomba akajikuna kichwa. "Mama, hakimu ataelewa tu. Karatasi ni karatasi."

Bibi aliikunja ile barua vizuri, akamrudishia. Asubuhi akafungua mbuzi wetu jike, wa pekee, na alikuwa na mimba.

"Mama, unauza mbuzi kwa ajili ya karatasi?" mjomba akauliza.

"Nauza mbuzi kwa ajili ya shamba," bibi akajibu, akavuta kamba.

Nililia njia nzima. Yule mbuzi nilimlisha mimi.

Karani alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola. Hakushika kalamu. Alimtaka bibi akae, akampa maji, kisha akaanza kuuliza. Nani alifyeka pori? Nani alipanda? Mwanzo bibi alijibu kwa mkato, maana hakuwa amezoea kuulizwa. Baadaye akalegea, akasimulia.

"Minazi nilipanda mwenyewe," alisema. "Mume wangu alichimba mashimo, mimi nikaleta miche."

"Uliitoa wapi?"

"Soga. Kulikuwa na mama mmoja akiotesha miche karibu na stesheni. Niliibeba kichwani, safari tatu."

"Yuko hai?"

"Sijui, bwana. Miaka mingi."

Karani akafunga kidau chake cha wino. "Basi barua bado."

Mjomba alikasirika sana. Mbuzi ameliwa, alisema, na hata mstari mmoja haukuandikwa. Usiku nilimsikia bibi akigeukageuka kitandani.

Siku ya tatu Karani akatokea kwetu, anasukuma baiskeli matopeni. Alizunguka shamba lote na bibi, akala kisamvu chetu, akashukuru, akaendelea hadi Soga. Yule mama wa miche alimkuta hai, mzee sana, na kumbukumbu zake ziko timamu.

Ndipo akaandika. Alimsomea bibi polepole, na mara mbili bibi akasema, "Hapo sivyo." Mara zote mbili Karani aliweka ile karatasi kando, akaanza nyingine safi, bila kununa. "Barua ni yako, bibi," alimwambia. "Mimi nimekuazima mkono tu."

Siku ya shauri baraza lilijaa. Barua ya jirani ilisomwa kwanza: "...shamba langu la mihogo nililoachiwa na marehemu baba yangu..."

Hakimu akainua macho. "Shamba mnalogombea ni la mihogo?"

"La minazi, bwana hakimu," jirani akajibu, jasho likimtoka.

"Mbona hapa umeandika mihogo?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama mjomba, alikuwa anakagua vidole vya miguu yake.

Kisha ikasomwa ya bibi. Kila kitu kilikuwamo: pori, mashimo, safari tatu za Soga, mahali mche wa kwanza ulipopandwa, na ombi kwamba mama wa miche aitwe. Akaitwa. Aliingia akishikwa mkono na mjukuu wake, akamtazama bibi usoni.

"Huyu namjua," akasema. "Alikuwa na mimba, na bado akakataa kusaidiwa mzigo. Nilimwambia utazaa njiani. Mwanao alizaliwa salama?"

Bibi alinyoosha kidole tu, kumwelekea mjomba.

Hakimu hakuhitaji zaidi. Shamba lilikuwa la bibi na minazi ilikuwa ya bibi. Jirani akaamriwa arudishe thamani ya nazi alizoangua. Nje wanawake walipiga vigelegele ambavyo sijavisikia tena hata harusini. Bibi, ambaye siku zote alitembea ameinama kidogo, alirudi nyumbani mbele yetu sote, kanga mabegani, akiamkiwa na kila mtu njiani. "Marahaba! Marahaba!" Sauti yake ilitangulia hadi bondeni. Mjomba alimbeba yule mama wa Soga kwenye baiskeli ya kukopa mpaka mlangoni kwetu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, na yeye akalala chini.

Karani alifariki nikiwa mwali. Mazishini walikuja watu kutoka Misugusugu, Soga, hata Pangani yetu ya Kibaha, wengi wao hawakujua herufi hata moja. Kila mmoja alikuwa na la kusimulia, na wote walianza hivi: "Mimi alinisikiliza siku nzima."

Barua zenyewe sijui ziko wapi. Pengine mchwa wamezila. Minazi ilizeeka, ikaanguka mmoja mmoja, na bondeni sasa zimejaa nyumba za bati za watu nisiowajua. Siwadai kitu. Lakini bibi yangu alizikwa palepale, uzeeni, kwenye ardhi yake, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza ni ya nani.