Konekta Nilizozifunga kwa Jani la Mgomba

Mwalimu aliyenifundisha hesabu alikuwa mtu wa kwanza pale Ruiri, Meru, kununua gari ambalo milango yake inavuliwa. Limetengenezwa hivyo. Unafungua bolti za bawaba, unatoa mkanda unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi, unachomoa konekta ya umeme, kisha unaubeba mlango kama meza. Alipostaafu alisema darasa limemfungia ndani miaka ya kutosha, sasa anataka upepo. Kiangazi kikifika, anavua milango yote minne na kwenda kuangalia ng'ombe wake. Mke wake alikataa kabisa kupanda.

"Mzee wangu alinunua gari," aliniambia, "lakini anaendesha kitanda."

Shida ilikuwa hizo konekta. Ndizo hupeleka umeme wa vioo na kufuli kwenye mlango. Ni plastiki ndogo kama kiberiti, na ndani yake mna pini nyembamba kama sindano. Klipu yake haitaki mtu wa haraka, na mwalimu ni mtu wa haraka. Mara mbili alivuta waya badala ya konekta yenyewe. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba milango itavuliwa na kurudishwa na mimi tu.

Mikono yangu ilijifunza kazi ndogondogo Kangeta. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na nyuma yangu kulikuwa na watoto watatu. Nikaacha shule, nikaenda sokoni kuchambua na kufunga miraa, vile vijiti vya kutafuna vinavyopelekwa kwa ndege hadi Mogadishu. Miaka minne baadaye, fundi wa waya za magari aliyekuwa na kibanda karibu na pale aliona jinsi vidole vyangu vilivyo vyepesi, akanichukua nijifunze. Mwalimu alikuja nyumbani mara tatu kuniomba nirudi darasani. Mara ya tatu alimkuta mdogo wetu wa mwisho amelala mgongoni mwangu huku nikipika, akaketi, akala, akaenda. Lakini tangu nilipokuwa fundi, hajapeleka gari lake kwa mtu mwingine.

Mwaka jana, yule mtoto wa mgongoni alipata mchumba wa Embu. Mwalimu akasema gari lake ndilo litakalombeba bibi harusi. Mke wake akaweka sharti: yeye pia atakwenda, na hapandi kitanda. Milango irudi, na vioo viwe vinapanda na kushuka. Nikawaambia hilo waniachie. Hatukuwa na baba wa kumsindikiza wala mama wa kumvisha. Nilitaka angalau gari linalomtoa nyumbani liwe kamili, na liwe limepita mikononi mwangu.

Alhamisi kabla ya harusi nikaenda kuirudisha milango. Nilikuwa nimeivua miezi mitatu nyuma, na kwa kuwa vumbi la Ruiri huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa, nilikuwa nimezifunga konekta kama ninavyofunga kitu cha thamani: jani bichi la mgomba, mizunguko miwili, na kamba ya mgomba juu. Fundo langu hakuna anayelishinda Kangeta nzima.

Nikafungua la kwanza. Jani lilikuwa limekauka kwa nje, lakini ndani pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nikaketi chini. Miraa hufungwa kwa jani la mgomba ili ibaki na unyevu. Hilo ninalijua kuliko ninavyojua njia ya kwetu, lakini siku ile mikono ilifunga kabla kichwa hakijafika.

Niliunganisha hivyo hivyo. Vioo vitatu havikusema kitu. Cha nne kilinguruma kidogo kikalala. Ningeweza kusema gari limezeeka. Nikamwita mwalimu, nikamwonyesha.

Aliliokota jani, akalinusa.

"Fundi, hii ilikuwa inapelekwa wapi? Mogadishu?"

"Mwalimu, nisamehe. Nimekosa."

"Na ndege inaondoka saa ngapi?"

Mke wake, aliyekuwa ametusikia, alitoka jikoni, akaangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu wa hesabu na mwanafunzi wake," alisema. "Ningejua, ningeolewa na mkulima."

"Harusi ni Jumamosi," nikamkumbusha.

"Ndiyo maana nimekuja na mswaki," akasema, na kweli alikuwa nao mkononi.

Tulifanya kazi siku hiyo na kesho yake, mimi nikipuliza dawa ya kusafishia umeme, yeye akisugua polepole kama mtu anayechambua mchele, mwalimu akikatazwa kugusa. Ijumaa mchana vioo vitatu vilikuwa vinapanda na kushuka. Kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto, pini moja ilikatika nikiinyoosha, na kioo kikabaki chini. Kufikia hapo duka la vipuri lenye konekta ya namna ile lilikuwa mbali kuliko muda tuliokuwa nao.

Asubuhi ya harusi, nyumbani kwetu Mikinduri, nikamweleza mdogo wangu ukweli wote. Nilitarajia machozi.

"Dirisha lipi?" akauliza.

"La nyuma, kushoto."

"Hapo ndipo nitakaa. Nivae hivi halafu nijifungie kioo? Watu wa Mikinduri wote wamekuja kuniona!"

Akatoka nyumbani akipunga mkono mzima nje, na kila aliyekuwa kando ya barabara akamwona.

Tulipopita Chuka, njiani kwenda kanisani Embu, mvua ikaanza. Mwalimu akasimamisha gari, akashuka na suti yake, akamwomba mama mmoja shambani jani la mgomba. Akarudi na moja refu kuliko yeye, mke wake akalishikilia dirishani.

"Fundi," akaniita bila kugeuka, "jani lako limepata kazi."

Kanisani bado kulikuwa kunanyesha. Mdogo wangu alishuka mkavu, jani likiwa juu ya kichwa chake, mimi nikilishika upande mmoja na mke wa mwalimu upande wa pili. Wakwe wetu wa Embu walitazamana. Mzee mmoja akamsogelea mwalimu, akauliza kwa heshima kama hiyo ni mila ya Wameru.

"Ya tangu zamani sana," mwalimu akamjibu, na wazee wote wa upande ule wakavua kofia.